Shemeji Alisema Ng'ombe Ameanguka

Walikuwa wanabishana juu ya kufa huku wanakunywa kahawa, na mimi nilikuwa nimeng'ata kashata nusu. Hapa Buhongwa tuna benchi letu, linapakana na banda la fundi wa kuchomelea mageti, na muuza kahawa wetu ana redio ameifunga kwa mpira wa baiskeli isimwage betri. Asubuhi hiyo redio ilisema kuna nchi huko nje zimetunga sheria. Mgonjwa ambaye hatapona tena, madaktari wameshainua mikono, anaruhusiwa kuomba afe, na daktari anaruhusiwa kumsaidia. Mtangazaji akauliza, je, sheria ya namna hiyo ije na kwetu? Watu wakaanza kupiga simu, na benchi nalo likawaka.

"Ije hata kesho," akasema fundi wa mageti. "Mtu analia mpaka majirani hawalali, halafu unamwambia avumilie. Avumilie nini, basi litakuja?"

"Wewe ukiwa na baba mwenye kiwanja utamwombea sindano akipata mafua," akajibu mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi reli. "Kwa njaa hii tuliyonayo? Wazee tutakwisha nchi nzima."

Tukacheka. Mwingine akasema uhai katoa Mungu, atautwaa mwenyewe.

"Na maumivu katoa nani?" fundi akauliza.

Ndipo muuza kahawa akanigeukia mimi. "Babu, wewe umechinja maisha yako yote. Kufa unakujua kuliko sisi. Unasemaje, ije isije?"

Niliirudisha ile kashata kwenye sinia, imeng'atwa hivyo hivyo, nikasema nakwenda msalani. Sikurudi. Nilikwenda nyumbani nikakaa uani nikiangalia mawe. Sisi wa Mwanza hatukosi mawe ya kuangalia.

Sikurudi kwa sababu nikisikia maneno hayo naona kidevu cha mtu kinainuka. Hicho kidevu nitakieleza, lakini nitaanzia mbali kidogo. Nimesoma hadi darasa la tatu, na hilo la tatu sikulimaliza, kwa hiyo kufika mahali bila kuzunguka sikufundishwa.

Nilikuwa mchinjaji. Alfajiri tulikuwa tunafika machinjioni na kukuta kongoti wameshatangulia, wale ndege wakubwa wenye vipara, wamesimama juu ya paa kama wazee wa baraza wanaosubiri kesi. Upepo wa ziwani ukivuma unanyanyua manyoya yao ya shingoni, lakini wenyewe hawatikisiki. Watu wakisikia mchinjaji wanamfikiria mtu katili. Katili kazi ile haimfai, siku mbili tu inamshinda. Mnyama akiogopa anahangaika, na akihangaika mkono unakosea. Kwa hiyo kisu hukinoi mbele yake, wala mwenzake huangushi mbele yake. Unampa maji. Unamlaza kwa utaratibu, unamfunika jicho kwa kiganja asikione kinachokuja, unasema Bismillahi, na ukisema umeshamaliza. Aliyenifundisha aliniambia, "Ukimchinja mnyama akajua kwamba amechinjwa, wewe si fundi." Sijui kama kuna mnyama asiyejua. Lakini nilijitahidi.

Sasa shemeji. Dada yangu aliolewa na Msukuma wa Misungwi, mfugaji. Baba yetu, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Mwanza na reli, yeye na mswala wake, alinuna kwa sababu kijana hakuwa wa dini yetu. Ng'ombe wa mahari walipoingia uani akapunguza kununa. Alipoambiwa mmoja ana mimba akaacha kabisa.

Shemeji kwa shemeji ni watani, hilo halihitaji kusemwa, ila mimi na huyu tulizidisha. Akiniona natokea njiani anapiga kelele boma zima lisikie: "Fungeni mbuzi! Ficheni watoto! Muuaji amefika!" Mimi namjibu nimekuja kumpima shingo, kwa sababu uzee umemwingia na nyama yake haifai tena kuchoma, labda supu. "Supu yangu itakuharisha mpaka uonane na babu zako," anasema, na ananipa kibuyu cha maziwa. Tuliishi hivyo mpaka mvi. Hata dada yangu alipofariki, tukiwa bado tumekaa msibani, alinisogelea akaninong'oneza, "Sasa umebaki wewe tu wa kunichukia." Nikacheka na machozi yananitoka. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kukugusa mahali panapouma.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakulitania hata siku moja. Wafugaji wananielewa. Ng'ombe akianguka, amevunjika mguu au amekula plastiki hatainuka tena, mchinjaji anaitwa upesi. Ukimwahi ni nyama, na watu watakula na kushukuru. Ukichelewa ni kibudu, mzoga, anatupwa shimoni na alipokufa amekufa kwa mateso, hakuna aliyefaidi, si yeye si ninyi. Shemeji alikuwa anamtuma mtu kwa baiskeli, siku hizi za simu akawa anapiga mwenyewe, na maneno yake ni yale yale: "Ng'ombe ameanguka. Uwahi." Hapo hasemi muuaji, hasemi supu. Nilikuwa naacha chakula sahanini.

Mara moja tu hakuniita. Alikuwa na ng'ombe mwekundu, jike, aliyemlea kwa mkono baada ya mama yake kufa. Alimpenda kama mtu. Alipoanguka, shemeji alikaa naye zizini, anamwekea majani mdomoni, anamkanda tumbo, anamwombea. Yule mnyama alilala akihema usiku na mchana mpaka akaisha mwenyewe. Nilipokuja baadaye nikamkuta shemeji ameketi pembeni ya shimo, hajanawa. "Nilimtesa," aliniambia. "Nilimtesa kwa sababu nampenda. Angekuwa ng'ombe wa jirani ningekuita asubuhi."

Basi. Ugonjwa ulimwingia kooni. Alianza kwa kukwamwa na michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu, tukamcheka kwamba meno yamekwisha. Halafu akakwamwa na ugali. Halafu uji. Walipompeleka hospitali kubwa wakasema saratani, imeshashuka mbali. Alikaa wodini muda, wakajitahidi, mwisho wakamwambia binti yake ampeleke nyumbani akamtunze. Huyu binti ni mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, amejenga Buzuruga. Akamweka baba yake chumba cha mbele chenye dirisha, akapewa chupa ya dawa ya maji ya maumivu, morfini, na maelekezo ya kumpa kila baada ya saa kadhaa. Mimi nilikuwa naenda kumwona na kurudi. Sauti yake ilikuwa imebaki kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

Asubuhi moja mpwa wangu akapiga simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo. Mjomba, leo ameamka na utani wake, nimefurahi, tangu juzi alikuwa hasemi neno. Eti anasema nikwambie ng'ombe ameanguka, uwahi. Na uje na kisu." Alikuwa anacheka na kuvuta kamasi kwa pamoja.

"Mwambie naja. Aanze kutafuta mtu wa kuchuna ngozi."

Nilifurahi na mimi. Nilisema moyoni, mzee amerudi. Nikakichukua kisu changu kile kirefu, nikakifunga kwenye gunia, nikaondoka nacho kwapani. Nilitaka nimchekeshe. Njia nzima natunga maneno ya kumwambia nikiingia. Mtu akiniuliza nilikuwa na akili gani, namjibu nilikuwa na akili ya mtani, na mtani ana yake.

Nikafika. "Hodi! Yuko wapi huyo ng'ombe?" Nikaingia chumbani, nikafungua gunia pale pale mlangoni, nikainua kisu juu. Mpwa wangu akapiga makofi kwa kicheko. Nilisubiri shemeji aniinulie mkono, anitukane tusi moja la Kisukuma analolipenda.

Alikitazama tu kile kisu kirefu. Macho yake yalitulia, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona usoni kwake tangu augue, kitu kama mtu aliyesimama kituoni siku nzima na sasa ameona taa za gari. Akamfanyia binti yake ishara atoke. Binti akatoka kwenda kuandaa chai. Halafu shemeji akafumba macho, akainua kidevu.

Alikiinua sawasawa, taratibu, kama anayejua kazi. Lile koo likawa mbele yangu, limevimba upande mmoja, na ngozi juu yake inapanda na kushuka.

Nilikirudisha kisu kwenye gunia, gunia likanidondoka.

"Shemeji," nikasema, "utani umekwisha."

"Nilikuita." Macho bado amefumba.

"Nilidhani unatania."

"Ng'ombe akianguka... nilikutania lini?"

Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Nje nilisikia masufuria.

"Wewe si ng'ombe," nikamwambia.

"Ng'ombe unamwonea huruma."

"Kwa ng'ombe nina ruhusa. Kwako sina."

"Nakupa."

"Hiyo ruhusa si yako kunipa."

"Ya nani basi?" Akafungua macho. Kila neno lilimgharimu pumzi, alikuwa anayatoa moja moja. "Yule mwekundu. Unamkumbuka. Hivyo mnavyonipenda ninyi... ndivyo nilivyompenda yeye. Mimi kibudu sitaki."

Nikamwambia mambo ya dini, yangu na yake pia, maana alikuwa amebatizwa uzeeni. Nikamwambia na jela. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Halafu akaonyesha kwa kidole ile chupa mezani. "Basi ile. Yote. Hapana damu. Mkono wako safi."

Niliinuka nikaishika. Niliitikisa nione imebaki kiasi gani. Ilikuwa inatosha, sijui ilitosha nini, mimi si daktari, lakini niliambiwa na uzito wake. Nikaisimamisha kwenye kiganja. Kwa muda ule nilioishika, sikufikiri Mungu wala jela. Nilifikiri kwamba mchinjaji mzuri hamwachi mnyama asubiri. Kisha nikaiweka chini.

"Sitaweza," nikamwambia. "Lakini siondoki."

"Mchinjaji asiye na kazi," akasema, na akageukia ukuta.

Nilitimiza hilo moja. Nikaagiza nguo zangu ziletwe, nikalala kwenye mkeka chumbani mwake. Na kwa kulala pale nikaona jambo. Ile dawa ilikuwa haimfikii. Saa ya dawa inakuja, mpwa wangu anapita, anasimama mlangoni, anarudi jikoni. Akimsikia baba yake anagugumia ndipo anakuja, na anampimia nusu.

Nilimkalisha kwenye ngazi za mlango wa nyuma. "Kwa nini unamnyima?"

"Naogopa mjomba. Jirani ameniambia hii ndiyo inayowamaliza. Sasa nikimpa mimi, halafu akafa, nitakuwa nimemwua baba kwa kijiko." Akafunika uso na kanga. "Wewe ungeweza?"

Niliona ajabu. Tulikuwa tumekaa wawili kando ya kitanda kimoja, mimi nimeombwa kuua nimekataa, yeye ameambiwa apoze na anadhani anaua, na katikati mtu anaumia kwa hofu zetu wote.

Akaja muuguzi wa kuzungukia majumbani, dada wa makamo, kwa bodaboda. Mpwa wangu akamweleza huku analia. Yule dada hakumgombeza. "Usisubiri alie, mwalimu. Ukisubiri maumivu yaje ndipo uyafukuze, yanakuwa yameshakaa kitako. Mpe kama ilivyoandikwa, kwa saa zake. Hutakuwa umemwua." Akampimia mwenyewe mbele yetu.

Nikamsindikiza mpaka getini. "Binti yangu," nikasema, "na mgonjwa akiomba yote kwa mara moja?"

Alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki, akaivua. "Wanaomba wengi, mzee. Wengine wakipata usingizi mzuri hawaombi tena. Wengine wanaomba vile vile."

"Hao unawajibu nini?"

"Nakaa nao. Sheria yetu hairuhusu. Na siku ikiruhusu, sijui kama mkono wangu utaruhusu." Akaniangalia. "Ulikuwa unafanya kazi gani mzee?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole. "Ndiyo maana amekuita wewe."

Tangu hapo shemeji alilala. Alilala kama mtoto, uso ukalainika, siku moja akaomba maziwa, nikamlowanishia midomo kwa pamba. "Umeweka sumu?" akaniuliza. "Nimeweka," nikasema, na akatabasamu, na mimi nikatoka nje nikashukuru. Nilijua nimeshinda. Niliwaza, kumbe hakutaka kufa, alitaka kutoumia, na haya yote yalikuwa ya kijiko tu.

Ningependa niishie hapo. Hata redioni, mtu mmoja aliyepiga simu alisema hivyo hivyo, kwamba wagonjwa wakipewa dawa nzuri hawataomba kufa. Labda wengi ni hivyo. Mimi nilikuwa na mmoja.

Maana asubuhi iliyofuata, jua limeingia dirishani, halii, haumwi kwa nilivyomwona, aliniangalia kwa macho safi kabisa. Halafu akayafumba, akainua kidevu.

Nilinyoosha mkono nikamfunika macho kwa kiganja, kama nilivyofanya maisha yangu yote, ila mkono wa pili haukuwa na kitu. Kope zake zilichezacheza chini ya kiganja, zikatulia, akalala. Na kesho yake hivyo. Kila asubuhi aliniomba, na kila asubuhi nilifanya nusu ya kazi.

Alifariki asubuhi ya namna hiyo. Dawa alikuwa amepewa kwa saa yake, na mpwa wangu ndiye aliyepima, kwa kipimo. Akainua kidevu, nikamfunika. Nilikaa hivyo muda mrefu nikidhani amelala, mpaka mpwa wangu akaingia na kuuliza, "Mjomba, amelala?" Nilipoondoa mkono kidevu kilikuwa bado kiko juu.

Tulimzika Misungwi pembeni ya dada yangu. Msibani watani walifanya yao, maana msiba wa mzee bila watani ni kama harusi bila ngoma. Mmoja akavaa koti la marehemu, anatembea kama yeye. Mwingine akanifuata mbele za watu: "Mchinjaji! Huyu umemchinja kwa kisu kipi, hata ngozi haina alama?" Watu wakaangua kicheko, na walikuwa sawa kucheka. Zamu yangu ilikuwa kujibu jambo baya zaidi. Nilifungua mdomo. Wakasubiri. Nikaufunga. Mpwa wangu alikuwa kati ya wanawake, alinitazama, na najua alichokikumbuka, lile gunia la kisu.

Sikukuu ya kuchinja iliyofuata waliniita machinjioni. Dume la kwanza tukalilaza vizuri, vijana wakavuta kichwa nyuma, kidevu kikapanda. Nikampa kisu mwenzangu nikaondoka. Kongoti walikuwa juu ya paa. Tangu siku ile sijachinja hata kuku.

Nimefikiri sana juu ya mabishano ya pale benchi. Wanamsema mgonjwa, wanamsema daktari, wanamsema Mungu na warithi wa viwanja. Anayeitwa hawamtaji. Sheria ikija itasema nani anaruhusiwa kuomba. Haitasema yule aliyeombwa alale vipi baadaye, akikubali au akikataa. Mimi nilikataa, na bado naamka alfajiri kiganja kimejikunja kama kimefunika kitu. Kama ningekubali, sijui kingekuwa kinafanya nini.

Juzi, baada ya ile siku ya redio, mpwa wangu alikuwa likizo kijijini kwa kaka yake, kwenye boma lile lile. Akapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Ng'ombe ameanguka. Hapa kuna mtu wa kuchinja lakini amesafiri. Uwahi."

Hakuwa na maana nyingine, ng'ombe alikuwa ng'ombe. Nilisema naja. Nilikitoa kisu chini ya kitanda, nikakifunga kwenye gunia, nikasimama barabarani pale Buhongwa, ile ya Shinyanga. Likaja gari la Misungwi. Kondakta akanipigia kelele, "Mzee, twende!" Nikamwambia nasubiri mwenzangu. Likaondoka. Likaja jingine, nikaangalia matairi yake nikasema haya si matairi. La tatu nikapanda.

Nilipofika walikuwa wamesimama mbali naye kidogo, kama watu wanavyosimama mbali na mzoga. Jicho lilishaingia ukungu. Mpwa wangu akanipokea gunia, akahisi kisu ndani yake, akanirudishia.

"Umechelewa mjomba." Hakusema kwa lawama.

"Magari," nikasema. "Aliumia sana?"

"Sana. Tangu asubuhi anahema tu. Na kichwa kakigeuza huko, anaangalia njia."

Vijana walimfunga kamba wakamkokota hadi shimoni. Alikuwa mwekundu, wa ukoo wa yule wa zamani, sikuwa nimeambiwa. Nilishukuru kwamba kazi imekwisha bila mimi, halafu nikaona haya kwa kushukuru. Mpwa wangu aliuliza kama nitakunywa chai. Nilikuwa nimesimama na gunia kwapani, nikijisemea moyoni kwamba lile gari la kwanza lilikuwa limejaa. Halikuwa limejaa. Kiti cha dirishani kilikuwa wazi, nilikiona.